Kabla ya kuuliza bei ya bunduki, kesheni kwanza: kwa wanaoanza kufuga kuku shambani

Vijana wengi mmeanza kufuga kuku wa kienyeji huku kwetu Mombasa, Mwakirunge, Mtongwe na Shika Adabu, na nafurahi sana manake shamba limelala miaka mingi. Lakini swali naloulizwa siku hizi ni lile lile, "mzee, bunduki ya upepo yapatikana wapi?" Mumeona zile video za Uingereza, watu wawili usiku kwenye shamba la mtu, mmoja amulika mwengine apiga mbweha, na nyinyi kila wiki mwaamka mnakuta manyoya, basi mwaona dawa ndo hiyo. Naelewa uchungu wake. Kuku umemlea tangu kifaranga, umemchanja, umemnunulia chakula kwa bei hii ya sasa, halafu aliwe kichwa tu mwili uachwe hapo, wallahi inauma.

Sasa sikizeni. Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali, hata kile kitanzi cha waya mnachotega kwenye ua ni kesi, na bunduki bila leseni ni kesi nyengine kabisa. Kule Uingereza ni mambo mengine, mbweha anachukua wanakondoo msimu wa kuzaa na mkulima ana ruhusa ya kumpiga akiwa na cheti cha bunduki na idhini ya mwenye shamba, walichokatazwa England na Wales kwa sheria ya 2004 ni kumkimbiza na mbwa. Kwa hivo usichukue sheria ya watu ukaileta Mwakirunge.

Lakini hizo video ziangalieni tena vizuri, kuna kitu cha kujifunza ndani. Hao jamaa kupiga ni dakika moja, muda wote uliobaki wanatazama tu. Na wana kanuni moja hawaivunji: hakuna kupiga macho. Macho mawili yaking'aa kwenye giza yaweza kuwa ya mbweha, ya kondoo, ya mbwa wa jirani, kwa hivo mpaka uone mwili mzima na ujue ni mnyama gani, na uone nyuma yake kuna udongo wa kupokea risasi, hufanyi kitu. Hiyo kanuni ndo nataka muibebe, bunduki iacheni. Wengi wenu hamjui anayekula kuku wenu ni nani, na mshaanza kutumia pesa kumzuia.

Anza mchana, angalia alichoacha. Kuku au kifaranga akipotea mchana kweupe, huyo mwewe, au cheche, nguchiro wale wanaotembea kundi. Mayai yakiliwa na kuku wapo, mtafute kenge. Kuku ametoweka mzima hakuna unyoya hata mmoja na banda halijaguswa, yaweza kuwa chatu, na yaweza kuwa mtu, hasa ikiwa waliopotea ni majogoo wale wanono tu. Ukikuta mbao zimeng'olewa na ardhi imechimbwa kwa nguvu na kuku wengi wamekufa, huyo ni nyegere, na nyegere usithubutu kumkaribia. Ila kwetu sisi kesi nyingi ni kuku mmoja wawili usiku, wameumwa shingoni au kichwa hakipo, na kitundu kidogo mpaka washindwa kuamini kuna kitu kilipita hapo. Jioni nyunyiza mchanga laini au jivu kuzunguka banda, asubuhi soma nyayo kabla kuku hawajatoka wakavuruga. Nyayo za mbwa na za nguchiro zaonyesha kucha, za paka hazionyeshi.

Baada ya hapo ndo mkeshe, na nasema mkeshe kwa wingi, usiende peke yako. Na kabla hamjaenda waambieni watu. Hii wengi mwaidharau na ndo hatari kuliko zote. Watu wawili wenye tochi wamejificha nyuma ya minazi saa nne usiku, jirani akiwaona atapiga kelele za mwizi, na munajua mwizi anavofanywa. Mwambie jirani wa kulia na wa kushoto, mwambie mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi, mwambie mlinzi wa shamba lile lengine, uwape na namba ya simu. Salamu za jioni tu hizo, hazina gharama.

Mwenzako mchague vizuri. Asiyeweza kukaa saa moja bila kushika simu usimchukue hata kama ni ndugu yako. Mie sahibu yangu ni fundi wa boti, amezoea kungoja maji, akikaa amekaa. Gawaneni kazi kabla ya giza: mmoja ni wa tochi, mwengine ni wa macho, na wa macho ndo anayesema "washa". Ukiwa na tochi mkononi kila jani likicheza utawasha, na ukiwasha mara tatu hakuna mnyama atakayekuja tena. Tochi ifungeni karatasi nyekundu ya nailoni mbele, mwanga mwekundu hauwashtui sana na macho yenu pia hayaharibiki kwa giza.

Kuku hulala Magharibi, funga banda mapema, kisha kaeni kabla Isha haijaadhiniwa ili harufu na kelele zenu zitulie. Usiku huku kwetu upepo mara nyingi hugeuka, unatoka bara kwenda baharini, ule umande wenyewe wa mabaharia, kwa hivo ukijipanga na upepo wa saa kumi jioni utajikuta saa tatu unampulizia mnyama harufu yako. Rusha unga kidogo hewani kila baada ya muda. Sigara hapana, udi wa mbu hapana, mafuta ya kunukia yaacheni nyumbani. Vaa mikono mirefu, na gambuti lazima, manake nyoka bafe hakimbii ukija, anajilalia pale pale njiani.

Mtaona mengi yasiyohusika. Yale macho makubwa mekundu juu ya mnazi yanayoruka kutoka kuti hadi kuti ni komba, amefuata tembo la mnazi kwenye vibuyu vya mgema, hana haja na kuku wako wakubwa. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakiwapiga mawe.

Jioni moja tulikuwa tumekaa chini ya mkorosho, banda mbele yetu kama hatua 30, mbalamwezi nusu. Tukasikia majani makavu kwa chini, taratibu, kitu kizito kidogo. Sahibu mwenye tochi akanigusa goti, sikumwambia washa. Akatokea fungo, wengine mwamuita ngawa, mkubwa kuliko paka yeyote, uso mweusi kama amejifunga kitambaa, kichwa chini. Mwenye shamba ameshaapa kabisa kwamba mwizi wake ni huyo na alitaka kununua sumu. Tukamtazama. Alikuja mpaka karibu na banda, akainama akachukua jongoo, akamtafuna, akatafuta mwengine, akazunguka mti wa mwembe akala embe lililoanguka, akaenda zake. Banda hakuliangalia. Simsafishi fungo, akikuta kuku nje amelala chini atamchukua, lakini juu hapandi kirahisi, na lile banda limeinuliwa. Tukaendelea kukaa. Ilikuwa sahibu ashaanza kukunja mkeka pale nilipoona kitu chembamba kinatembea juu ya ua, juu kabisa kwenye boriti, mkia mrefu una pete pete, hakina sauti hata chembe. Nikamwambia washa. Kumbe ni kanu, mnyama wa jamii ya fungo ila mdogo. Alisimama mwangani akatugeukia, madoadoa yote yaonekana, kisha akajilaza, akajivuta, akaingia kwenye mwanya kati ya bati na ukuta, mwanya ambao mkono wangu ungepita kwa shida. Tukakimbia tukagonga bati, akatoka kule alikoingia akapotelea kwenye miembe.

Kama yule bwana angeweka sumu pale chini ya mwembe angemuua fungo anayemlia majongoo, angeua paka wa jirani na mbwa wake mwenyewe, na mtoto akiokota je? Na kanu angeendelea kupita juu. Sumu siwezi kuizungumza kwa upole, ukiona mtu anaiuza ile ya kuchanganya na nyama mkataze mbele ya watu.

Mkimuona msimguse. Msimzibie njia ya kutoka akiwa ndani ya banda, mnyama aliyebanwa anauma, na mnyama wa porini akikuuma au mbwa usiyemjua akikuuma fikiria kichaa cha mbwa moja kwa moja. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usifunge na tumbaku wala majivu, nenda hospitali usiku ule ule ukaanze sindano, usingoje uone kama utaumwa, manake dalili zikianza hakuna tena tiba ya kutegemea. Kama ni mnyama mkubwa au anarudi kila siku hakomi, piga ripoti KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, kumkamata na kumhamisha ni kazi yao.

Basi mshamjua, sasa ndo pesa itoke. Ule wavu mwembamba wa kuku unazuia kuku wasitoke, hauzuii mwenye meno asiingie, nunua weldimeshi, ule wavu mgumu wa chuma uliochomelewa, ya tundu za nusu inchi hata kama ni ya madirisha na mianya ya juu peke yake. Chini chimbia waya kama sentimita 30 au ulaze kwa nje juu ya ardhi uweke mawe. Matawi ya mwembe yanayogusa bati kata, hiyo ndo barabara yake. Mlango uwe na komeo, kamba hapana. Mkimaliza mkeshe tena usiku mmoja, mwenzako yule yule, pahala pale pale, mutazame akija anafanya nini. Akizunguka mara mbili tatu akaondoka, mko sawa. Akisimama pahala pamoja akaanza kuchakura, pakumbukeni, asubuhi mrudi na nyundo.