Sarafu za gemu zimegoma kwenye 2,147,483,647, kulikoni?

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana gemu kwenye simu, kakusanya sarafu weee mpaka zikafika 2,147,483,647, hapo zikagoma, haiongezeki hata moja. Yeye anasema simu imeharibika, mjomba wake anasema eti hiyo ni namba tasa ndo maana. Nani mkweli? – Baba mzazi, Morogoro

JIBU: Baba, simu yenu nzima, na mjomba kapatia nusu. Ni namba tasa kweli, haigawanyiki kwa kitu ila 1 na yenyewe, lakini sarafu hazijagomea utasa wake. Gemu nyingi zinatunza namba kwenye vinafasi 32 vya sifuri na moja, kimoja ni cha alama ya chanya au hasi, vinabaki 31, vyote vikishajaa moja unapata 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, ndo hiyo hiyo ya mwanao. Ndoo imejaa, basi.

Utasa umejitokea tu. Cheki, vinafasi vingekuwa 16 mwisho ungekuwa 32,767, na hiyo ni 7 × 31 × 151, tasa wapi! Vya 64 nako mwisho wake unagawanyika kwa 7. Kisa ni kwamba vipeo vyake, 15 na 63 (ukishatoa kile cha alama), zenyewe zinagawanyika, na kipeo kikigawanyika jibu nalo linagawanyika. Ila kipeo kuwa tasa hakutoshi, 11 ni tasa lakini inakupa 2,047, ambayo ni 23 × 89. Kwa hiyo 31 ilibidi ihakikishwe kwa jasho.

Jasho lenyewe lilikuwa la mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yameisha kabisa, wala kalkuleta hakuna. Angejaribu kila namba tasa mpaka 46,340 (hapo ndo kwenye kipeuo cha pili cha namba hii, kuvuka hapo hakuna haja) zingekuwa karibu 4,800, jamani! Lakini mzee alishajua kigawanyo chochote cha namba hii lazima kiwe kizidishio cha 62 ukijumlisha 1, tena si zote, kwa hiyo 3, 5, 7 na wenzake unawaruka tu, ya kwanza ya kuhangaika nayo ni 311. Kazi ikashuka mpaka kugawanya mara 372 kwa wingi wake, na namba yake ikakaa kileleni kama tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka 1867. Ile tasa kubwa aliyoigundua Mmarekani Luke Durant mwaka 2024 ni ya ukoo huohuo wa 2 kwa kipeo ukitoa 1, ila kipeo chake ni 136,279,841 na ina tarakimu 41,024,320, hiyo msijaribu kuiandika kwenye daftari.

Na mjomba mwambie kuna kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde toka 1970 kwa vinafasi hivyohivyo, zitajaa Januari 19, 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mtoto yeye atumie sarafu kidogo aone kama zitaanza kupanda tena.