Jibu: Moshi unarudi jikoni, je, nigonge bomba mwenyewe au nimwite fundi?

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba tangu mvua za masika moshi wa jiko lako la kuni unarudi ndani, na unauliza kama inatosha kugonga bomba la moshi kwa mti au ni lazima umlipe fundi.

Kwanza, jiko likiwa limepoa kabisa, mulika tochi ndani ya dohani, yaani bomba hilo la moshi. Ukikuta masizi yamefikia unene wa milimita 3, usiwashe tena kabla ya kusafisha. Mimi naishi Nyegezi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na kwa miaka miwili nilikuwa nikigonga bomba mwenyewe. Masizi makavu yalidondoka, lakini ule utando mweusi unaong'aa kama lami, unaotokana na moshi wa kuni mbichi unaopoa na kuganda njiani, ulibaki umeng'ang'ania, na huo ndio unaoweza kushika moto ndani ya bomba na kuufikisha kwenye kenchi za paa. Fundi alipopanda na brashi ya waya yenye fimbo za kuunganisha, alitoa pia kiota cha ndege na kunionyesha ufa kwenye kiungio cha juu, ambao nisingeuona kamwe nikiwa chini. Tangu hapo namwita kila mwaka.

Bila kuliona bomba lako siwezi kusema kama limeziba au ni upepo wa ziwani unaosukuma moshi. Fundi atalitambua akiwa juu. Kwa sasa, tafadhali pikia nje, kwa sababu moshi unaorudi hubeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu wakiwa usingizini.