Usimchape kwa Sababu ya Miayo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Tanga tu wazima, baba yako anakusalimu, na mguu wake umepata nafuu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema yupo kijana wa kidato cha pili anayepiga miayo tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, na mwalimu mwenzako anashikilia kuwa hiyo ni dharau, atandikwe ashike adabu. Ukaniuliza: mama, mwayo ni dharau kweli, au ni nini?

Si dharau, mwanangu. Fimbo iwekeni chini kwanza, nikueleze yale niliyoyaona katika uuguzi.

Dharau hutoka kwenye nia ya mtu, na mwayo haungoji nia. Wodini tuliwahi kumlaza mzee wa kiharusi, mkono wa kulia umepooza kabisa. Daktari akimwambia aunyanyue, anautazama tu, machozi yanamlengalenga. Asubuhi moja akapiga mwayo mrefu, na ule mkono ukapanda wenyewe, taratibu, mpaka usawa wa kifua. Mkewe akapiga kelele, "Amepona! Amepona!" Mwayo ulipokwisha mkono ukashuka, ukalala palepale ulipokuwa. Ilibidi nikae na yule mama kitandani nimweleze. Madaktari wanaijua hali hiyo, na mwaka 2005 Mfaransa Olivier Walusinski na wenzake waliipa jina lake la kitabibu. Njia ya hiari imekatika, lakini mwayo huamriwa chini zaidi katika ubongo, kule kunakoendeshwa pumzi, na amri yake hupita njia nyingine. Sasa kitu kinachonyanyua mkono ambao mwenyewe hawezi kuunyanyua, utamwadhibuje mtoto kwa hicho?

Huko shuleni utasikia pia kwamba anayepiga miayo amepungukiwa na hewa ya oksijeni. Nasi tulifundishwa hivyo. Lakini mwaka 1987 Robert Provine na wenzake huko Marekani waliwavutisha watu oksijeni tupu, kisha hewa iliyozidishwa kabonidayoksaidi. Kabonidayoksaidi iliwafanya waheme haraka, ila miayo haikuzidi wala haikupungua. Na mtoto aliye tumboni kwa mama yake, ambaye havuti hewa yoyote, naye hupiga miayo. Kwa ultrasaundi huonekana vizuri kabisa, kinywa kinafunguka polepole kisha kinafumba kwa haraka.

Wataalamu bado wanabishana kazi yake hasa ni ipi. Mtafiti Andrew Gallup anasema unapoza ubongo: mwaka 2007 alionyesha kuwa watu waliowekewa kitu cha baridi kwenye paji la uso waliambukizwa miayo kidogo kuliko wenzao. Mimi ninachokiamini kwa kuona ni kwamba mwayo huja mwili unapohama kutoka hali moja kwenda nyingine, na mara nyingi mtu anapigania kubaki macho. Apolo Ohno, yule Mmarekani wa mbio za kuteleza kwenye barafu mwenye medali 8 za Olimpiki, alijulikana kwa kupiga miayo muda mfupi kabla ya kushindana. Huyo nani atamwita mvivu?

Kwa hiyo badala ya kuuliza huyo kijana anamdharau nani, uliza mwili wake unapambana na nini. Hapa ndipo ninapotaka utulie.

Anza na njaa. Mtu asiye na kitu tunasema anapiga miayo, na hatukosei. Wewe mwenyewe uliniambia wanafunzi wengi hapo wanatoka majumbani alfajiri kwa miguu, na chakula cha kwanza wanakikuta jioni. Mtazame midomo kama imekauka. Mtazame saa nne wenzake wanapokwenda kununua mihogo na kachori: yeye huenda, au hujibanza darasani akijifanya anaandika? Halafu usingizi. Yupo anayeuza chipsi stendi mpaka usiku wa manane ili apate nauli na daftari. Zipo pia dawa, hasa za sonona, zinazoleta miayo.

La mwisho nalitaja kwa uzito, maana hata mitaani kwetu limeharibu vijana. Aliyezoea unga, yaani heroini, akikosa hupata arosto, na miayo isiyokatika ni mojawapo ya dalili zake. Mwayo peke yake usikutishe. Ukiuona pamoja na machozi na kamasi bila mafua, vinyweleo vimesimama, mboni za macho zimepanuka, mwili unauma na hatulii kwenye kiti, hapo usikae kimya. Hata karatasi ya kupimia arosto ina mstari wake wa miayo, unahesabu na kuandika. Kliniki za methadoni, dawa wanayopewa waliozoea unga ili wauache, zipo nchini, Muhimbili ilianza mwaka 2011, na mgonjwa hupokelewa kama mgonjwa. Usimtaje mbele ya wenzake wala kwenye ofisi ya walimu. Mwite pembeni, umuulize amekula nini tangu jana na amelala saa ngapi. Majibu ya hayo mawili yatakuonyesha pa kwenda.

Kuhusu adabu, mwenzako ana haki kidogo. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu anapenda chafya na anachukia mwayo, na anayejiwa na mwayo auzuie kadiri awezavyo. Liangalie hilo neno "kadiri awezavyo", mwanangu. Hakuambiwa asipate kabisa. Basi wafundishe kuziba mdomo kwa mkono na kutotoa sauti, kama nilivyokufundisha wewe, na darasa likizidiwa wote kwa pamoja wasimamishe wajinyooshe, maana mwayo wa mmoja huwapata wengine, na huwapata zaidi wanaopendana.

Kikao cha wazazi umesema ni mwezi ujao. Wapelekee suala la uji wa asubuhi. Hata debe la mahindi kwa kila nyumba ni mwanzo. Niandikie wamesemaje, na huyo kijana amekujibu nini.

Mama yako.