Dinosaria wa Tendaguru na safari ya Mirihi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi mjini. Barazani kwetu vijana wanadai kwamba dinosaria wa Tendaguru, kilima cha huku mkoani kwetu, waliangamizwa na kimondo kwa kukosa pa kukimbilia, na kwa hiyo binadamu aanze mapema kuhamia Mirihi. Mzee mmoja huwajibu kuwa aliyeshindwa kupalilia mikorosho yake asiombe shamba la pili, na kwamba mambo ya angani tuyaache yalivyo. Nani ana haki?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Mwalimu, kwanza tukiondolee kimondo lawama isiyo yake. Wanyama ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini Lindi (na hadi leo imo Berlin), waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kimondo kinachosemwa kilianguka miaka milioni 66 iliyopita, pwani ya Meksiko ya sasa, wakati hao wetu walikwisha kuwa mawe.

Hata hivyo, hofu ya vijana si ya kipuuzi, ila dawa waliyoichagua siyo sahihi. Mwaka 2022 Wamarekani waligongesha chombo kwenye Dimorphos, mwamba wa angani wenye upana wa mita 160 hivi, na muda wake wa kuuzunguka mwamba mwenzake ukafupika kwa nusu saa na ushei. Kukisukuma kimondo kando ni kazi ndogo kuliko kuhamisha watu. Tena, hata baada ya pigo lile la kale Dunia ilibaki na hewa na bahari, na viumbe vingi vikapona, jambo ambalo Mirihi ya leo haiwezi kumwahidi mtu hata katika siku yake njema.

Hewa ya huko ni nyepesi mno, shinikizo lake halifiki asilimia 1 ya hili letu, na karibu yote ni hewa ya ukaa. Udongo wake una chumvi zenye sumu ziitwazo perkloreti. Zinaweza kuoshwa kwa maji, kama mama zetu wanavyouloweka muhogo mchungu hadi sumu itoke, lakini maji ya huko ni barafu, na kwanza uichimbe, uiyeyushe, ndipo uanze kuosha. Kuhusu pumzi, chombo cha Perseverance kilichotua mwaka 2021 kilibeba mtambo wa kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya Mirihi, nao hadi 2023 ulikuwa umetoa gramu 122 kwa jumla. Hiyo inamtosha mtu mmoja kwa saa tatu na nusu hivi, muda ambao baraza lenu, nadhani, bado halijavunjika. Na kifaa kikiharibika, nafasi nzuri ya kurusha chombo kutoka Duniani hupatikana mara moja katika miezi 26 hivi, kisha safari yenyewe ni miezi sita au zaidi.

Kwa hiyo nawapinga vijana katika neno moja tu, kuhama. Kwenda kuchunguza na kurudi, kama wanasayansi wanavyokwenda Antaktika, sioni ubaya wake.

Mzee naye simpi ushindi wote. Mikorosho ipaliliwe, naam, lakini anga tukiiacha ilivyo tutaumia sisi wa pwani kabla ya wengine. Mwaka 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija upande wa mpaka wetu na Msumbiji, huku Mtwara tulitangaziwa mapema tuhame maeneo ya hatari, na kilichowawezesha watabiri kukifuatilia kikiwa bado baharini ni setilaiti. Kimbunga kilipiga ng'ambo ya Ruvuma, nasi tukarudi majumbani.