Mama kavunjika goti ana miaka 78, tufunge vyuma au tuweke goti bandia?

Swali: Shikamoo daktari. Mama kateleza bafuni wiki iliyopita, mfupa wa paja umevunjika chini kabisa na ufa umeingia ndani ya jointi. Daktari mmoja kasema atafunga vyuma, mwingine kasema bora goti bandia moja kwa moja. Presha pia anayo. Tumsikilize nani?

Jibu: Marahaba, pole kwa kuuguza. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, wanachobishania hapo ni mama atakanyaga chini lini. Ukifunga vyuma, yaani sahani na skrubu, mara nyingi mgonjwa anaambiwa asiukanyagie huo mguu wiki 6 mpaka 12 hivi, kijana wa bodaboda ataruka na magongo mpaka apone, ila bibi wa miaka 78 huwezi kumwambia aruke, ataishia kitandani, na kitanda kwa mzee ndo kinaleta damu kuganda, nimonia, vidonda vya makalioni na kuweweseka usiku. Goti bandia anasimamishwa na woka kesho yake au keshokutwa. Halafu mfupa wa mzee umekuwa laini, skrubu inaweza kulegea kama msumari kwenye ubao uliooza. Ingawa siku hizi kuna wanaofunga rodi na sahani pamoja ili mgonjwa akanyage mapema, hilo nalo ulizieni.

Sasa kabla hajaanguka goti lilikuwaje? Kama lilishasagika, mguu umepinda na diklofenaki ni kila siku, mi ningeegemea goti bandia, unamaliza shida mbili kwa kisu kimoja. Kama lilikuwa zima na limevunjika vipande viwili vitatu vikubwa, vyuma bado ni chaguo zuri tu.

Ila msidhani ni lile goti la kawaida la mtu aliyesagika. Hapo palipovunjika ndipo kano zinaposhika, kwa hiyo mara nyingi linatakiwa la bawaba, lina shina refu linaloingia ndani ya mfupa, bei imechangamka na si kila hospitali wanalo stoo. Ulizeni kabisa, mnalo la saizi yake au mnaagiza, na nani kwenu ameshaliweka. Usaha ukiingia humo ni balaa, operesheni inarudiwa na wakati mwingine goti linatolewa lote, kwa hiyo sukari ipimwe, na kama ana kidonda au yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) itibiwe kwanza.

Presha yenyewe haizuii operesheni, ishushwe tu, na kama anatumia dawa za kuyeyusha damu semeni mapema. Na tafadhali asikandwe wala kuchuliwa huo mguu, najua kuna shangazi keshaleta mafuta.

Afanyiwe siti skani, maana eksirei peke yake haionyeshi vizuri vipande vya ndani ya jointi, halafu niambie alikuwa anatembea mpaka wapi kabla hajaanguka, sokoni au mlangoni tu.