Ualimu wa elimu maalumu Zanzibar: chagua fani kabla hujachagua chuo

Vijana wanaomaliza kidato cha sita hutuuliza swali moja tu: nikisomea elimu maalumu, ajira nitapata? Utapata, ikiwa siku ya kwanza skulini unaweza kufanya jambo kwa mikono yako. Wanaojieleza vizuri kuhusu haki za mtoto mwenye ulemavu tunao wengi. Wanaoweza kukaa kwenye mashine wakachapa mtihani wa jiografia kwa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, asubuhi moja, hao ndio wanaotafutwa.

Lifahamike kwanza umbile la kazi yenyewe. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilishika njia ya elimu mjumuisho: mtoto asome skuli iliyo karibu na kwao, pamoja na wenzake wa mtaani. Kwa hivyo usijiwekee picha ya skuli maalumu yenye bustani na madarasa ya watoto sita sita. Unaweza kupangiwa skuli ya kawaida Micheweni, Makunduchi, au ng'ambo ya maji kama Kojani na Tumbatu. Darasa limejaa, mmoja hasikii vizuri, mwengine ana mtindio wa ubongo, na walimu wenzako wanakuona ni fundi aliyeletwa kuwachukua "watoto wake".

Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Ukikubali kuwachukua ukakaa nao chumba cha pembeni, mwaka hauishi umeshakuwa mlezi. Kazi yako ni kumwezesha mwalimu wa hesabu amfundishe mtoto yule yule. Unakaa na mtoto nusu saa kabla ya somo kumtangulizia maneno mapya, unamtayarishia zana, unamwambia mwalimu amkalishe wapi mtoto na aandike herufi za ukubwa gani, na jioni unazungumza na wazee wake. Mwalimu anayependa kutawala darasa peke yake atachoka mapema na kazi hii.

Sasa fani. Elimu maalumu si kazi moja, ni kazi tatu zilizopewa jina moja: wasioona, viziwi, na ulemavu wa akili. Chuo kitakugusisha zote. Wewe shika moja uifikishe mwisho.

Ukichagua wasioona, chombo chako ni nukta nundu. Ni nukta 6 katika safu mbili: 1, 2, 3 kushoto, na 4, 5, 6 kulia. Herufi a ni nukta 1, b ni 1 na 2, k ni 1 na 3. Kuzijua kwa macho si kazi kubwa, lakini kuzisoma kwa ncha ya kidole huku umefumba macho kunahitaji mazoezi ya kila siku, kama kuhifadhi Kurani. Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, ina vitufe 6 vya nukta na kitufe cha nafasi katikati, na uzito wake unakaribia kilo 5, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili hawezi kurudi nayo nyumbani. Ndiyo maana lazima ujue pia kibao na kalamu yake ya kutobolea, vinavyoingia kwenye mkoba wa skuli. Kibao hutobolewa kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kushoto kwenda kulia. Mtoto akikosea upande, e inasomeka i, d inasomeka f, h inasomeka j, na r inasomeka w. Ukiona kazi yake ina makosa ya jamii hiyo tu, usiseme hajui herufi. Anazijua zote, ila amezitoboa kwa upande wa kusomea.

Jambo jengine linalodharauliwa ni karatasi. Karatasi nyepesi ya fotokopi hutoboka, na nukta zake hufa baada ya vidole viwili vitatu kupita. Tafuta karatasi nzito. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, basi mashine ifunikwe kila jioni, na kazi zilizokwisha kuandikwa zisimamishwe kabatini kama vitabu. Ukizilaza bunda juu ya bunda, za chini zinapondeka na somo la muhula mzima linapotea.

Kwa viziwi, kosa la walimu wengi wapya ni kudhani kuwa kutaja herufi kwa vidole ndiyo lugha ya alama. Vidole ni vya majina ya watu na maneno yasiyo na alama. Lugha yenyewe ina sarufi yake, na sehemu kubwa ya sarufi hiyo iko usoni na mwilini: nyusi, mdomo, mabega. Huipati kwenye kijitabu. Kaa na viziwi wenyewe. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Darasani, usisimame dirisha likiwa mgongoni mwako, kwani mwanga hugeuza uso wako kuwa kivuli. Wala usizungumze huku unaandika ubaoni. Kwa mtoto mwenye shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kikianza kupiga mbinja, mara nyingi kipande cha sikioni kimeshakuwa kidogo kwa sababu sikio limekua. Betri zake zina kibandiko: kikibanduliwa, hewa huingia na betri huanza kuisha hata ukikirudisha. Tumeona maboksi mazima yakiharibika kwa mtu kubandua zote "kuzijaribu".

Ulemavu wa akili ndio fani yenye watoto wengi na walimu wavumilivu wachache. Hapa ufundi ni kuigawa kazi vipande. Chukua udhu, kwa kuwa ni miongoni mwa mambo ya mwanzo ambayo wazee wengi hapa watakuomba: nataka mwanangu ajue kutawadha. Baada ya nia kuna viganja, kusukutua, pua, uso, mikono hadi viwiko, kichwa, masikio, kisha miguu, kulia kabla ya kushoto. Ukimwanzisha mwanzo, atashindwa kwenye kipande cha tatu na kila siku atamaliza kwa kushindwa. Anzia mwisho. Mshike mkono hatua zote, mguu wa kushoto umwachie aoshe mwenyewe. Akiuweza, mwachie na wa kulia, kisha masikio, urudi nyuma hivyo hivyo. Kila siku anamaliza yeye. Kwenye daftari lako usiandike "anaendelea vizuri". Andika kila kipande amekifanya vipi: kwa kushikwa mkono, kwa kuoneshwa, kwa kuambiwa, au peke yake. Daftari la namna hiyo utalibeba kwenye usaili, na tukisimamia usaili tunalitazama kabla ya cheti.

Kuhusu masomo yenyewe. Kwa hapa nyumbani anza kuulizia Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Bara kipo chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi, Arusha, chenye fani zote tatu nilizozitaja, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Kuingia shahada kutoka kidato cha sita unahitaji ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4 angalau, ambapo A ni 5 na E ni 1, kwa hiyo D mbili zinakutosha kufika mlangoni. Kutoka stashahada, wastani wa B au GPA ya 3.0. Hicho ni kiwango cha chini, programu moja moja huweza kutaka zaidi, basi soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka unaoomba, si wa mwaka jana uliotumiwa na rafiki. Mkopo ulizia HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Tanzania, na pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar.

Ushauri ambao wengi huja kujutia kuuchelewa: chukua na somo la kufundishia lenye uhaba. Mwalimu wa lugha ya alama anayeweza kufundisha hesabu au fizikia hakosi kipindi. Mwenye elimu maalumu peke yake huonekana ni ziada pale ratiba inapobanwa.

Nafasi za Serikali huombwa mtandaoni kupitia mfumo wa ZanAjira. Maombi mengi hufa kwa jambo dogo, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatuma, cha kidato cha nne Fatma, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kina jina la babu ambalo vyengine havina. Kaa chini leo ulinganishe karatasi zako zote herufi kwa herufi, na panapotofautiana ukale kiapo mapema, si wiki ya tangazo. Angalia pia kama nafasi ni ya Unguja au Pemba. Usiombe Pemba kwa nia ya kuhama baada ya miezi mitatu.

Nje ya Serikali kuna jumuiya za watu wenye ulemavu na miradi ya wafadhili. Fedha huwa nzuri kidogo, lakini mkataba unakufa na mradi. Kuna ukalimani wa lugha ya alama katika mikutano, hospitali na mahakama, na kuna familia za mjini zinazotaka mwalimu wa nyumbani kwa mtoto mwenye usonji. Hizo ni nzuri kwa kujazia, si za kujengea nyumba. Na kama wewe mwenyewe huoni au ni kiziwi, usidhani kazi hii ni ya wengine. Mtoto asiyeona anayefundishwa na mwalimu asiyeona huacha kuuliza kama inawezekana.

Ukishaajiriwa, mtego wa mwanzo ni usajili wa mitihani. Kwa mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, aina ya ulemavu wa mtahiniwa inatakiwa ionekane tangu anaposajiliwa, ndipo karatasi ya nukta nundu au ya maandishi makubwa itayarishwe. Muda wa ziada upo: dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, na 10 kwa masomo mengine. Mwalimu wa taaluma mwenye orodha ya watahiniwa mia mbili hatakumbuka. Nenda ofisini kwake na jina la mtoto mkononi, simama mpaka uone ameliandika, na wiki inayofuata rudi uangalie tena.