Mama hataki chanjo kwa sababu jirani alichanjwa akaugua

Dada wa Mbagala, pole. Umesema mama yako mwenye kisukari anakataa chanjo ya korona kwa kuwa jirani alichanjwa, kisha akaugua korona. Usimwambie jirani anadanganya. Huenda aliugua kweli. Chanjo ya Janssen, ile aliyochanjwa Rais Samia hapa Dar tarehe 28 Julai 2021, kwenye majaribio ilipunguza ugonjwa wa wastani hadi mkali kwa asilimia 66, na ule mkali kabisa kwa asilimia 85. Kwa hiyo wapo wanaochanjwa na bado wakaugua. Muulizeni jirani: alilazwa? Aliwekewa oksijeni? Hapo ndipo faida ilipo, hasa kwa mwenye kisukari.

Baba yangu mdogo naye alikataa. Nilimbishia kwa hasira mpaka akaacha kupokea simu zangu, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Wewe usibishane na mama mbele ya wajukuu. Msindikize kliniki yake ya kisukari, amuulize nesi anayemzoea, kwa maneno yake mwenyewe. Na mwambie mapema kwamba mkono unaweza kuuma na homa kumshika siku moja mbili, asije akashtuka.